Gari la Mama Mkwe Lililovuta Kushoto

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo, maana jambo hili linataka kuelezwa taratibu. Nataka kukuonyesha namna ya kutafuta ugonjwa wa gari linalovuta upande mmoja hata baada ya kufanyiwa alaimenti, yaani magurudumu yake kunyooshwa. Kazi hiyo naijua. Nina gereji Kitale kwa miaka mingi sasa. Lakini nitakuonyesha kwa gari moja tu, la mama mkwe wangu. Nililitibu gari hilo karibu majuma matatu, na kumbe mgonjwa alikuwa yeye.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, akiishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mara kwa mara alikuja Kitale kununua chakula cha kuku na kumwona binti yake, ambaye ni mke wangu. Kigari chake cheupe alikipenda kwa sababu hakutaka kuwaombaomba wanawe wambebe. "Mtu akikubeba anakupangia na saa ya kurudi," alikuwa akisema.

Safari moja alilalamika kwamba matairi ya mbele yanalika upande. Nikafanya alaimenti, nikapima mara mbili, nikaridhika. Jioni simu ikalia.

"Mkwe, hii gari umeifundisha nini? Nikifika Kamukuywa inataka kuingia njia ya Naitiri. Mimi Naitiri sina mtu."

"Inavuta kushoto, mama?"

"Kushoto kabisa. Hata kwa geti imenigongesha, kioo cha kando kimeenda. Si uliniambia imenyooka?"

Nikamwambia airudishe, na kwamba kioo nitamwekea kingine. Sikuuliza zaidi kuhusu geti.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu. Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatupeani mikono, hatuketi kiti kimoja, na kukaa bega kwa bega ndani ya gari dogo ni jambo lisilofikirika. Wengi siku hizi wameyalegeza hayo, lakini mimi na yeye tuliyashika. Kwenye simu tulitaniana bila shida, maana simu haina kiti. Ana kwa ana mambo yalikuwa mengine. Aliegesha gari uani, akaacha ufunguo ndani, akatembea hadi kwa binti yake, na hapo ndipo mimi nilipotoka ofisini. Kila nilipolijaribu gari lile, nililijaribu peke yangu.

Aliporudi niliianza kazi kama ninavyokufundisha sasa. Anza na upepo. Tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake, na makosa mengi huishia hapo. Upepo ukiwa sawa, badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto. Gari likianza kuvuta upande wa pili, basi ubovu ni wa tairi na wala si wa alaimenti. Lisipobadilika, liendeshe mwendo wa kutosha, usimame, usogeze kiganja karibu na kila rimu, kile chuma cha gurudumu, bila kuigusa. Yenye moto kuliko mwenzake ina breki iliyokwama. Kisha ingia chini uzitazame bushi, zile raba zinazoshika mikono ya magurudumu, kama zimechakaa. Na usisahau barabara yenyewe: imeinamishwa kidogo pembeni ili maji ya mvua yatiririke, kwa hiyo gari lolote litaegemea huko kidogo. Tafuta mahali tambarare kabla hujalihukumu. Usione aibu kurudia hatua. Hata mimi hurudia.

Niliyafanya yote hayo. Nikaenda hadi Kiminini na kurudi, vidole vimelegea kwenye usukani, na gari likaenda kama uzi.

Akalichukua. Kesho yake akapiga tena.

"Bado, mkwe."

"Mama, mimi nimeendesha mpaka Kiminini, iko sawa kabisa."

"Basi wewe inakuogopa. Mimi inanidharau."

Fundi mwenzangu alipolisikia hilo alicheka. "Wazee wote husema gari inavuta, bana. Wewe toa kitu kimoja uweke kingine, atasikia imepona."

Nakiri kwamba nilimsikiliza. Safari iliyofuata nilibadilisha bushi moja ambayo haikuwa na kosa lolote, ili niwe na la kumwambia. Mke wangu alinidokeza siku hiyo kwamba mama amemwaga chai kwenye leso na hakuona. Nilikuwa nimelala chini ya gari. Nilimjibu kwamba safari ni ndefu, mama amechoka.

Jioni hiyo mke wangu aliamua kumsindikiza mama yake hadi nyumbani. Walikuwa wamepita Kiminini kidogo aliponipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Baba watoto, gari haivuti. Ni mkono wa mama."

"Mkono umefanya nini?"

"Wa kushoto umelala kwa usukani kama mzigo. Nimeuinua nikauweka kwa paja lake, gari ikanyooka. Nikamuuliza, mama, huu mkono una nini? Akaniuliza, mkono gani?"

Gari lile gia zake hujibadilisha zenyewe, kwa hiyo mkono wa kushoto haukuwa na kazi nyingine ambayo ingemwonyesha kwamba umekufa ganzi. Nikawaambia waegeshe kando na asiendeshe mtu. Mke wangu hajui kuendesha. Nikachukua pikipiki.

Niliwakuta kando ya barabara. Binti yake alimsaidia kuhamia kiti cha nyuma, mguu wa kushoto ukiburuta kiatu. Hapakuwa na njia nyingine. Ilinibidi niingie nikae ndani ya gari moja naye. Kabla ya kuketi nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisije nikamwona usoni.

"Asante, mkwe," akasema. Maneno yake yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Halafu akaongeza, "Sasa uone vile inavuta."

Nikaligeuza, nikaendesha kurudi hospitali Kitale. Barabara nzima nilitamani livute kushoto, hata kidogo. Lilinyooka.

Daktari alisema ni kiharusi. Kidogo kilikuwa kimepita majuma kadhaa nyuma, na mara nyingi hicho huwa onyo la kikubwa. Kikubwa kilikuja siku ya nne, alfajiri, binti yake akiwa kando ya kitanda na mimi nikiwa kwenye ukumbi wa nje, mahali pa mkwe.

Tulimzika kando ya mumewe. Nilisimama mbali pamoja na wakwe wenzangu, kama inavyotakiwa. Mzee mmoja wa ukoo akanisogelea, akanishukuru kwa jinsi nilivyolitunza gari la mama.

Siilaumu desturi. Ilinizuia mimi tu kuketi kando yake; mke wangu haikumzuia, wala mtu mwingine yeyote ambaye ningemtuma tangu siku ya kwanza. Niliyaamini mazoea ya mikono yangu kuliko maneno yake, na yeye alikuwa akinieleza ugonjwa wake kila alipopiga simu, kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo mtu akikuletea gari akasema linavuta, na wewe ukiliendesha linanyooka, usifungue nati nyingine. Mpe usukani yeye mwenyewe, mahali salama pasipo na magari, na mtu anayeruhusiwa kuketi kando yake aitazame mikono yake yote miwili. Ukiona mmoja umelegea, chukua ufunguo umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.