Tulivyomnenepesha Kaka

Daktari mmoja wa Butembo alimwambia kaka yangu mkubwa kwamba moyo wake umechoka: apunguze chumvi, aache sigara na nyama yenye mafuta, atembee kwa miguu kila siku. Kaka alitii. Yeye, mtu mwenye malori mawili ya kubeba mizigo ya Kasindi, mpakani, alianza kupanda mlima kwa miguu hadi dukani kwake, jasho likimtiririka, waendesha pikipiki wakimzunguka.

"Patron, kuko nini? Gari ulishauzisha?"

Mimi, msomi wa familia, niliyewahi kuandika chuoni kurasa thelathini juu ya afya ya umma na kupata alama nzuri, nilicheka kuliko wote. "Yaya," nilimwambia mbele ya wateja wake, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa, "suruali yako itafika Kasindi, weye ungali Butembo." Naye akacheka, mkono kwenye mshipi.

Baada ya miezi minne tumbo lilikwisha. Kwetu mfanyabiashara hakondi bure. Wateja walinong'ona kwamba ni "ile ugonjwa". Shangazi yetu akasema ametiliwa sumu. Basi mama akaita familia Jumapili baada ya misa, akapika nguruwe, bukari, yaani ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo yaliyoogelea katika mawese. Kaka akaeleza tena habari za moyo.

"Lakini moyo, nani anaionaka?" shangazi alimkata. "Batu banaangaliaka shingo." Kisha akanigeukia. "Weye ulisoma. Sema."

Nilijua ukweli wote. Nilijua pia kwamba nyama ilikuwa inapoa.

"Yaya, kula kidogo tu," nikasema. "Mama asilie."

Alikula. Jumapili iliyofuata akala tena, na kila Jumapili, mpaka mashavu yakarudi, na wateja wakarudi pamoja nayo. Akaanza tena kwenda dukani kwa gari. Mama alimshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi kwa kumshauri kaka vizuri. Nilizipokea shukrani hizo nikiwa nimeshiba.

Alianguka dukani asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye kiti chake. Walipomfikisha hospitalini alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwenye kilio watu walipita mbele ya jeneza mmoja mmoja. Shangazi alimgusa kaka shavu, kisha akamgeukia mama kumfariji.

"Angalia, hata hakukonda."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kwa kweli, kaka alikuwa amependeza.