Mlango Siufungi

Leo wimbo wangu umeimbwa harusini, na niliyemtungia ameufanya kijembe.

Nilimtungia jirani yangu, Bi Salma. Mwenyewe hajui. Mimi karani tu, naogopa hata kumwamkia, seuze kumwambia! Mwimbaji nilimsihi asinitaje.

Alipofika "Mlango siufungi, nakungoja uje," Salma akainuka na noti mkononi. Moyo ukanienda mbio.

Kumbe! Akacheza mpaka mbele ya Bi Zuhura, hasimu wake, aliyekimbiwa na mume. Akamnyooshea kidole, kisha ndipo akamtunza mwimbaji. Wanawake wakapiga vigelegele.

Akanipitia akicheka. "Karani, umesikia? Aliyetunga anamjua huyu Zuhura!"

"Naam," nikajibu. Basi.

Jamani, nyie mngesema nini?

Zuhura alikuwa analia kimya. Ukumbi mzima, ni yeye peke yake aliyeuelewa wimbo wangu.