Dobi na Kisima Kilichonuka Petroli

Watu walimwita Mama Povu, na jina lilimkaa. Alikuwa dobi tangu ujana. Mabeseni yake yalipangwa uani, kando ya kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe, na shati likitoka mikononi mwake ungedhani limetoka dukani. Kwa hiyo siku muuguzi wa zahanati aliporudisha sare zake nyeupe, Mama Povu alijiona kama amezabwa kofi.

"Samahani, dada. Wagonjwa wananiuliza kama siku hizi nafanya kazi gereji."

Alinusa. Petroli! Akazifua upya, akazisuuza mpaka vidole vikakunjamana, na harufu ikazidi. Wateja wengine hawakuwa na adabu ya muuguzi. Walisema amezeeka, anabania sabuni, amekuwa mchafu. Dobi unaweza kumwita mkali, hata mvivu, akakusamehe. Lakini mchafu!

Aliishi na wifi yake, mjane mwenzake, mtu asiyejua kumung'unya maneno. "Wifi, mikono yako haina kosa. Hebu tuyatazame maji."

Wakavuta ndoo, wakaiweka juani. Juu ya maji ulitanda utando wa rangirangi, unameta kama shingo ya njiwa. Wakatazamana, kisha wote wawili wakageukia ukuta. Ng'ambo yake kulikuwa na kituo cha mafuta.

Mama Povu alijitwika ndoo ileile akaingia nayo mpaka ofisini kwa mwenye kituo. Bosi alikuwa na sigara mdomoni na kiberiti cha gesi mkononi.

"Mama, kisima chako kimezeeka," alisema. "Matangi yangu ni mazima kama yai."

Mama Povu akaitua ndoo mezani, karibu kabisa na kiwiko chake. Dole gumba la bosi likaganda juu ya kiberiti.

"Washa, bosi. Si maji tu haya? Tangu lini maji yakaogopa moto?"

Wahudumu wa pampu, waliokuwa wakichungulia mlangoni, walimwona mwajiri wao akirudisha kiberiti mfukoni taratibu. Jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Mama Povu na wifi yake wakaenda kukalia benchi la ofisi ya mazingira mpaka wakaguzi walipokubali kuja. Kituo kilipofukuliwa, tangi moja lilikutwa limetobolewa na kutu. Lililomchoma zaidi ni alilosema fundi wa kituo: alishamwonya bosi mapema, akaambiwa tangi lingoje.

"Alijua!" Mama Povu alifoka, machozi yakimlengalenga. "Naitwa mchafu mtaa mzima, na yeye kakaa kimya!"

Tangi likatolewa, petroli iliyokuwa ikielea chini ya ardhi ikanyonywa. Iliyobaki imenata udongoni aliachiwa mtaalamu, binti mmoja mwenye buti za mpira, aliyekuja kuchomeka mabomba uani.

"Iliyobaki italiwa na bakteria, mama."

"Wadudu gani hao wa kula petroli?"

"Wamo humuhumu udongoni, ila hewa na mbolea haviwatoshi. Tukiwapa, wanazaliana na kuila mpaka iishe."

"Yaani mtu mzima mwenye akili zake kachafua, halafu anayesafisha ni kiumbe asiyeonekana kwa macho?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi hao ni madobi wenzangu."

Mashine ya kupuliza hewa ikanguruma uani msimu baada ya msimu, huku Mama Povu akiteka maji ya bomba la mbali. Maji ya kisima yalipimwa, yakawa afadhali. Mvua ikanyesha, yakaharibika tena. Hatimaye binti akaja anacheka: yamekuwa safi.

Mwenye kituo akakodi hema na vipaza sauti. Akautangazia mtaa kwamba ameamua kuwarudishia ndugu zake maji safi, kisha akampa Mama Povu kipaza sauti ashukuru.

"Nawashukuru bakteria," alisema, "waliokula wasichomwaga. Namshukuru binti huyu aliyewalisha. Wewe bosi, niombe radhi mbele ya hawa walioniita mchafu kwa ajili yako."

Bosi alicheka kicheko chembamba. "Mama Povu ana utani."

"Sina utani na wewe."

Bosi akanong'ona samahani kifuani mwake. "Hatujasikia!" wifi akapaza sauti kutoka nyuma. Ikabidi airudie kwenye kipaza sauti, jasho likimtoka.

Muuguzi alirudi wiki ileile. Wale waliomtangaza Mama Povu mchafu nao walirudi na vifurushi vyao, bila hata pole. Aliwapokea, kazi ni kazi. Ila jirani mmoja alipojitia hekima na kumwambia ya kale hayanuki, Mama Povu alimrudishia furushi lake mkononi.

"Haya yananuka. Niletee nguo zako kesho. Leo bado nina hasira."