Londres Imetupatia Chumba cha Kujifungulia

Nyinyi mmepotea kwa hii grupu, mmehama Kenya ama nini? Mmekosa ya leo!

Nimemsindikiza sista wetu wa misheni, Mhispania, kwa memsahib Mwingereza mwenye shamba la kahawa, Ruiru, kuomba stoo yake iwe chumba cha kujifungulia. Mke wa kijana wangu ako karibu kujifungua.

Sista akaogopa, Kiingereza kikakataa. Akajaribu kusifu kwao memsahib kwa Kihispania: "Inglaterra! Londres!"
Hiyo ni Uingereza na London, sista aliniambia njiani tukirudi.

Memsahib akasimama ghafla.
Ngai! Nikajua tumefukuzwa.

Kumbe binti yake ameolewa Hispania, na yeye na hao wakwe hawaelewani lugha!
Akanigeukia mimi nyanya: "Cucu, mwambie arudie!"
Wamefundishana Kihispania na Kiingereza mpaka chai ikapoa.

Ufunguo wa stoo niko nao mimi!

Si mseme kitu?
Na mkija kusafisha stoo, kila mtu na fagio lake.