Maganda ya Ananasi Ndani ya Pipa

Ng'ombe wetu alikuwa akilia njaa tangu alfajiri. Mume wangu alirudi kabla ya adhuhuri, baiskeli tupu, akaketi juu ya jiwe bila hata kunawa.

“Papa, majani iko wapi?” nikamuuliza mume wangu.

“Sikufika. Risasi zililia huko njiani, juu ya Kanyaruchinya, watu wote wakageuka. Nikufe juu ya majani?”

Nikamgeukia ng'ombe. Katika kundi letu lote, huyo ndiye peke yake tuliyefika naye Goma tulipokimbia Rutshuru, na sasa alikuwa na mimba kubwa.

Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo, alikuwa akikamua juisi ya ananasi na marakuja, yaani pasheni, na kuiuza. Maganda aliyatupa nyuma ya nyumba, nzi wakajazana. Veterineri aliyekuja kuchanja mifugo mtaani alikuwa ametueleza kwamba majani yaliyokatwakatwa na kunyaushwa, yakichanganywa na maganda matamu na kushindiliwa mahali pasipopita hewa, hukaa muda mrefu bila kuoza. Siku ile tulimwitikia kwa adabu tu. Sasa nilikwenda mwenyewe kuomba maganda.

“Chukua yote,” jirani akasema. “Ila ngombe ikikufa, usiniseme.”

Maneno hayo yalinikaa kifuani.

Njia ilipotulia, mume wangu alileta matete kwa wingi. Shimo la kuyashindilia hatukuweza kuchimba, maana kwetu chini ni mawe ya volkeno matupu. Tukaazima mapipa ya plastiki. Yeye akakata na kuyaanika yanyauke, mimi nikachanganya na maganda na kukanyaga kwa miguu mpaka maji ya ananasi yakaniwasha kwenye nyufa za visigino. Tukafunika kwa plastiki, tukaweka mawe juu.

Kungoja ndiko kulikonichosha. Kila asubuhi nilinusa pembeni mwa kifuniko, nikatamani kufungua, nikaogopa kuingiza hewa. Njia ilipofungwa tena na majani mabichi yakaisha, hatukuwa na la kungoja, tukafungua pipa la kwanza.

Juu ya majani kulikuwa na ukungu mweupe.

“Tutupe hii ya juu,” mume wangu akasema. “Ya chini iko muzuri. Nusa.”

Ilinuka kama pombe ya ndizi, chachu na tamu kwa pamoja. Nilitoa kila kilichoshikwa na ukungu, na hata kilichokuwa karibu nacho.

“Usimupe mingi,” nikamsihi.

Ng'ombe alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. Nilisimama pale nikalia. Kama angekataa, tungempa nini? Na kama angekubali, mimba ingetoka? Tulichanganya na majani machache ya mgomba tuliyoomba kwa jirani, tukaondoka asituone. Tuliporudi alikuwa analamba beseni.

Siku iliyofuata sikufanya kazi yoyote. Nilikaa zizini, mkono ubavuni mwake, nikipima kama tumbo limejaa gesi. Alipoanza kucheua, nilimwita mume wangu kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Siku zake zilipotimia, ng'ombe alizaa ndama jike, mdogo lakini mwenye nguvu za kusimama. Jirani alikuja kumtazama, akacheka, akasema maganda yake sasa yana kazi.

Mimi sijatulia. Njia hufunguka na kufungwa bila kutuambia, na kila pipa jipya nalifungua nikiwa nimebana pumzi.