Mkono wa Kushoto wa Secilia

Kaka yangu Kornelio si mlevi, wala hana mkono mrefu. Anaamka jogoo la kwanza, analima karoti na kabichi kwenye mteremko juu ya Soni, na Jumapili anaimba besi kanisani. Tatizo lake ni moja: kwake hakuna mtoto anayekosea kwa bahati mbaya. Mtoto akivunja sahani, amekusudia. Akichelewa kuitika, ana dharau. Nilimwambia mara moja kwamba anazidisha, akanijibu kuwa mimi sikuzaa, sijui kitu. Iliniuma, nikanyamaza, na najilaumu kwa ukimya ule mpaka leo.

Mwezi uliopita bintiye Secilia, wa miaka minane, alianza kutoa vitu kwa mkono wa kushoto. Kwetu hilo ni tusi. Alimpa mwalimu daftari kwa kushoto, akampa mama yake chumvi kwa kushoto. Kornelio akasema mtoto ameota jeuri, atamnyoosha. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia Secilia aache kiburi.

Jumamosi akaja mzee wa kanisa, Silvano. Secilia alimwamkia vizuri, akaenda kuleta chai. Alirudi na kikombe mkono wa kushoto, ule wa kulia ameuficha ndani ya kanga aliyojitanda. Mzee alisita kupokea. Kornelio akainuka taratibu, akachomoa fimbo iliyokuwa juu ya mlango.

Nilisimama katikati yao. Alinisogeza kando kwa bega, akamwamuru binti atoe mkono wa kulia. Secilia hakuutoa. Fimbo ikainuka. Ndipo nilipoivuta kanga mwenyewe.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na kupinda. Vidole havikunjiki.

"Tangu lini?" Kornelio akauliza.

"Tangu siku niliyomwaga maziwa, baba. Ulinipiga, nikakinga."

Zilikuwa zimepita siku tisa. Siku tisa tunamwita jeuri, na mimi nimo. Mzee Silvano alisema mtoto apelekwe hospitali Lushoto sasa hivi, akatoka kutafuta gari. Kornelio aliiachia fimbo, akapiga magoti kwenye sakafu, machozi yanamtoka, akanyoosha mkono amshike mwanawe.

Secilia akainua mkono wa kushoto, akajikinga kichwa.