Tamko Alilolisoma Aketch

Katika Jumuiya ya Mtakatifu Ana, pale Kianda, Kibera, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amekisoma kile kitabu, naye ni Aketch. Hilo ndilo lililomponza.

Aketch aliuza vitabu vya mitumba Kawangware, upande wa Kabiro. Kila asubuhi alitoka Kibera kwa miguu, akavuka Ngong Road, akatandaza turubai lake kando ya barabara kati ya muuza viatu na mama muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Alikuwa na tabia ya kusoma anachouza, na hakuona aibu kumwambia mteja, "Hicho wacha, mwisho wake ni mbaya." Darasa lenyewe aliishia la nane, lakini sauti Mungu alimpa. Jumapili alipopanda kusoma somo la kwanza, hata watoto waliacha kuchezea viatu vyao.

Mwaka huo kila kijana aliyepita kwenye turubai aliuliza swali moja: "Mathe, uko na ile ya padri?" Ile ya padri ilikuwa riwaya, hadithi ya kubuni iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi cha Nairobi, na watu waliisoma kwenye simu, kwenye nakala za kutoa kopi, hadi kazini mjengoni. Habari ikafika altareni. Padri akatangaza kwamba kitabu hicho kinadharau imani, hivyo kila jumuiya iandike tamko la kukipinga, lisomwe Jumapili, na baada ya misa waumini waandamane na rozari mpaka kituo cha Olympic.

Jumatano jioni wanajumuiya walikutana nyumbani kwa Nyawira, mwenyekiti, ambaye wengi walimwita Mama Alvin. Walisali, wakanywa chai, kisha wakaanza kukitukana kitabu. Huyu alisikia kimeandikwa na shetani, yule alisikia mwandishi alifukuzwa seminari. Billy, kijana aliyewakilisha vijana, akainua mkono.

"Si mbaya kuprotest," akasema. "Lakini nani hapa ameisoma?"

Aketch akasema amekisoma.

"Basi tueleze, Mama Marion," Nyawira akamwambia Aketch. "Tujue tunapinga nini."

Hapo ndipo Aketch angekuwa mjanja, angekohoa, akasema ni maneno machafu tu, yakaisha. Lakini mtu aliyezoea kusoma hajui kuruka kurasa. Akawaeleza kwamba kuna mahali padri wa hadithi amelewa, anachukua hostia iliyokwisha kubarikiwa na kuwatupia kuku ili wenzake wacheke. Akina mama wakashika vifua.

"Mimi hapo niliweka kitabu chini nikafanya ishara ya msalaba," akasema. "Nililia, sitadanganya."

Na kweli alilia. Wapo watakaosema Mkatoliki hana haki ya kulalamikia hadithi, kwamba hadithi ni hadithi tu. Hao waambieni watukaniwe mama zao kwa kubuni tuone kama watacheka. Kwa ukurasa ule Aketch angeandamana hata peke yake, na bango angeandika mwenyewe.

Lakini hakuishia hapo. "Na kuna sura nyingine," akaendelea. "Katekista anampa mimba msichana wa kwaya. Wazee wa kanisa wanamwendea mama yake, wanamwambia anyamaze."

Mmoja akachungulia kikombe chake kana kwamba kimeingia nzi. Nyawira akapangusa mdomo na leso, akasema, "Haya, tumeelewa. Kamati itaandika. Tufunge kwa sala."

Kila mtu mle ndani alijua kwa nini amekata mazungumzo. Miaka sita kabla ya hapo Marion, binti yake Aketch, alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya. Katekista akampa mimba, kisha akakana. Aketch alipolia kwa jumuiya, Nyawira alikuja kwake na wazee wawili, wakabeba sukari na mkate, wakasali rozari nzima kwa magoti, halafu wakamwambia, "Mama Marion, tulinde kanisa." Funika kombe mwanaharamu apite. Katekista akahamishiwa parokia nyingine, na kabla hajaondoka alichinjiwa mbuzi na kuvishwa sweta. Marion aliondolewa kwaya kwa kuwa mfano mbaya. Mtoto alipozaliwa, jumuiya ilikataa kuandika barua ya ubatizo mpaka baba ajulikane, wakati baba walimjua na sweta walimnunulia wao. Mtoto akafa kwa nimonia akiwa na miezi minane. Waliomzika ni mama yake, nyanya yake na mwenye nyumba wao, Mnubi mmoja Mwislamu aliyeitwa Murjan, ambaye alileta sanda bila kuombwa. Hakuna sare hata moja ya jumuiya iliyoonekana makaburini.

Tangu siku hiyo Marion hakukanyaga kanisani. Alisuka nywele Olympic, akaja kumwona mama yake, akaondoka. Aketch alibaki. Kwanza, imani ilikuwa yake na hakuona sababu ya kuwaachia wao. Pili, alikuwa na mama.

Mama yake, Nereah, alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuja kutoka Siaya kutibiwa moyo, na madaktari wakasema kwa upole apelekwe tu nyumbani akapumzike. Alilala nyuma ya pazia katika chumba cha Kianda, mwembamba, macho makali, na kila jioni alirudia ombi lilelile: azikwe Siaya kwa misa, amevaa sare yake. Hilo lilihitaji barua. Parokia ya kijijini haimsomei misa aliyekufa Nairobi mpaka jumuiya aliyokuwa akisali nayo iandike kwamba alikuwa muumini mwema, na barua iwe na sahihi ya mwenyekiti na muhuri. Wengi wamezikwa na majirani wakiimba tu kwa kukosa karatasi hiyo.

Jumamosi asubuhi tamko likaingia kwenye kundi la WhatsApp. Aketch alilisoma akiwa amesimama kwenye turubai lake, na muuza viatu akamuuliza kama amefiwa. Habari ya hostia haikuwamo. Badala yake liliandikwa hivi: "Kitabu hiki kimezusha uongo kwamba katekista anaweza kumharibu binti wa kanisa na wazee wakamnyamazisha mama. Sisi wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana tunashuhudia mbele ya Mungu kwamba jambo la namna hiyo halijawahi kutokea kwetu." Chini yake: Msomaji, Mama Marion.

Alikunja turubai saa nne, akarudi Kibera. Nyawira alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga akikata sukuma wiki.

"Mama Alvin, mbona ya Ekaristi mmeitoa?"

"Hiyo ni ngumu kueleza. Mtu asiye Mkatoliki ataona tunapigania mkate."

"Na hii mliyoiweka?"

Kisu kikasimama. "Watu wanasoma hicho kitabu, Mama Marion. Kesho kutwa wataanza kuulizana, si pia pale Kianda kulikuwa na kitu kama hiki? Lakini ukisoma wewe mwenyewe, nani atauliza tena?"

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuelekeza njia, na hilo lilimuuma Aketch kuliko matusi. Nyawira hakuwa mchawi. Nereah alipozidiwa mwezi uliotangulia, ni yeye aliyekuja na uji siku tatu mfululizo.

"Si naweza kukataa?" Aketch akauliza.

"Unaweza. Hakuna mtu analazimishwa." Nyawira akaokota fungu la sukuma, akalitia kwenye mfuko. "Barua ya mama nimeshaiandika. Imebaki muhuri tu. Hii chukua umpikie, usinilipe."

Aketch akauchukua ule mfuko. Baadaye alijichukia kwa kuuchukua kabla ya kujichukia kwa mengine.

Jumapili alitangulia kanisani mapema. Alikuwa ameamua atasoma kila kitu isipokuwa ile sentensi moja. Ataikwepa kama mtu anayeruka mtaro. Wakati wa matangazo ulipofika akaitwa mbele, akanyoosha karatasi, akainua macho. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliona kiti cha plastiki, na juu ya kiti mama yake amefungwa leso ya kichwa. Nereah alikuwa ameamka akasema anataka misa yake ya mwisho akiwa bado anasikia, na alipotaka jambo hakuna aliyemweza. Marion na Billy walimbeba. Marion alisimama ukutani kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, mikono amekunja kifuani.

Mstari wa mbele Nyawira alikuwa na bahasha ya kaki mapajani.

Aketch akasoma. Alipofika kwenye sentensi ile alimtazama mama yake, akaona jinsi shingo ilivyokonda, akaona kwa fikra jeneza linasubiri nje ya kanisa lililofungwa. Akaisoma. Aliisoma yote, kwa ile sauti aliyopewa na Mungu, bila kukwama. "Halijawahi kutokea kwetu." Watu wakapiga makofi, wakasimama. Mbali na Marion na nyanya yake, Billy peke yake hakupiga. Padri akashukuru, maandamano yakatoka na rozari na mabango, na Aketch akawekwa mstari wa mbele.

Aliporudi nyumbani alikuwa na bahasha mkononi, muhuri umekaa vizuri. Marion alikuwa akikoroga uji kwenye jiko na hakugeuka.

"Mama," Aketch akasema akisogeza pazia, "barua ndiyo hii. Sasa kila kitu kiko sawa."

Nereah hakunyoosha mkono. "Ni kwa sababu ya hii?"

"Ulisema unataka misa."

"Nilisema." Mzee akapumua kwa shida. "Ulipokuwa ukifanya biashara, nyathina, mwanangu, mbona hukuniuliza mimi mwenye maiti?"

"Mama, wangekataa kukuandikia."

"Wangekataa. Mimi nilibatizwa kabla mama ya huyo Nyawira hajaolewa. Mungu anisahau kwa kukosa muhuri?" Akafumba macho, Aketch akadhani amelala. Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake: "Nikifa, asiandikiwe padri. Asije hata mmoja wa hao. Mlimzika yule mtoto bila wao. Mimi nizikeni hivyo hivyo. Marion ndiye ataniombea."

Aketch akapiga magoti, akambembeleza, akalia, akasema ni hasira tu, kesho atabadili nia. Hakubadili. Alikufa Alhamisi mchana akiwa amemshika Marion kidole. Na kwao Wajaluo neno la mwisho la mzee halitenguliwi, hata kama linakuchoma.

Jumuiya ilikuja na sare kusali, ikakuta mlango umefungwa na Marion amesimama mbele yake. Habari zikaenea Kianda nzima kwamba Mama Marion amekuwa wa ajabu, barua anayo na anamzika mama yake kama mpagani. Tamko nalo lilisambazwa kwenye makundi ya parokia likiwa limerekodiwa kwa sauti yake, na vijana wa Kawangware waliotoka kulisikia walikuja kukiulizia kile kitabu zaidi kuliko mwanzo.

Siaya walimzika Jumamosi, bila padri. Wanakijiji waliimba. Marion alifungua kitabu cha sala cha nyanya yake, kile cha Kijaluo kilichochakaa, akasoma maombi ya marehemu akijikwaa kila mstari, kwa maana Kijaluo hakukijua kukisoma vizuri. Aketch alijua kila neno. Alisimama pembeni na mchanga mkononi, na hakuna aliyemwomba asome.